Mtungi Usiomwomba Mtu

Jumatatu, 11 Oktoba 2010

Baba amenunua karavani! Si mzaha. Amerudi kutoka kazini akiivuta nyuma ya Volvo, nyeupe, ya zamani, ina mstari wa kahawia ubavuni na pazia za maua. Ameiegesha chini ya jengo letu, imekula nafasi za magari ya watu wengine. Mtaa wetu wote wa Bredäng ulikuwa madirishani. Mimi nilijificha nyuma ya pazia.

Mama akauliza tunasafiri kwenda wapi. Baba akasema: Farsta.

Farsta! Ni mtaa wa jiji hilihili, mtu anaenda na kurudi kabla chai haijapoa. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu alielewa. Na mimi nikaelewa.

Yaya Médiatrice, dada yangu mkubwa, atajifungua mwisho wa mwezi huu. Anaishi Farsta na Bethuel, Mkenya anayeendesha basi, katika nyumba ndogo ya mbao wanayopanga, yenye ua mbele. Hawajaoana. Bethuel hajaleta wazee nyumbani kumwomba. Kwetu binti akizaa, mama yake lazima aende akae naye, ampikie uji, amkande, amwogeshe mtoto mpaka nguvu zirudi. Lakini kwetu pia, mwanamume ambaye hajatuma watu si mkwe, na wazazi wa msichana hawali chakula chake wala hawalali chini ya paa lake. Mambo yote mawili ni lazima. Baba ameyabeba tangu mimba ijulikane, na hakusema neno. Kumbe alikuwa anatafuta karavani.

Ataiweka katika ua wa Bethuel. Mama atalala kwake mwenyewe, atapika kwa moto wake mwenyewe. Ndani ya nyumba ataingia kuogesha mtoto tu. Baba hataingia kabisa.

"Hii ni nyumba yangu," alisema, akapiga bati kwa kiganja. "Popote itakaposimama, pale ni kwangu."

Mama: "Nyumba yako ina matairi, Norbert."

Baba: "Ndiyo uzuri wake."

Halafu akanigeukia mimi, akaniita kwa jina: Heshima! Eti nimetoka shule tangu Juni na sina kazi, basi nisome habari za gesi. Jiko ni la gesi, kipasha joto ni cha gesi, na hajui mtungi gani wa kuweka. "Wewe ndiye msomi wetu." Alisema bila ubaya. Iliniuma tu.

Jumatano, 13 Oktoba

Nimesoma siku nzima maktaba ya Skärholmen. Kompyuta inakukata, unajiandikisha tena, unasubiri. Sasa najua mambo ambayo sikuwahi kutaka kuyajua.

Kuna butani na kuna propani. Butani kukiwa na baridi ya barafu inalala ndani ya mtungi kama maji, haipandi, jiko linazima ingawa mtungi ni mzito. Propani inavumilia. Kwa hiyo propani. Mtoto atazaliwa wakati majani yameisha. Mama atakaa pale mpaka theluji.

Mitungi inakaa ndani ya sanduku kwenye pua ya karavani, na chini ya sanduku kuna tundu la kupitisha hewa ambalo haliruhusiwi kuzibwa. (Mwenye karavani wa zamani ameliziba kwa kitambaa! Nimekitoa.)

Jioni tonton Papy, mdogo wa Baba, alifika na mtungi wa bluu begani. Wa binamu yao wa Brussels. Bure! Nilisoma karatasi iliyobandikwa: butani. Nikasema polepole kwamba butani si nzuri kwa baridi. Tonton Papy akasema gesi ni gesi, moto haujui majina. Baba akajaribu kuufunga. Nati ikakataa.

"Lakini ni wa Ulaya," tonton alisema. "Na sisi tuko Ulaya."

"Ulaya yako na Ulaya yangu hazifungani," Baba akasema. Tonton akaondoka na mtungi wake begani vilevile. Nilicheka peke yangu chooni.

Siwezi kutulia. Nikikaa nasimama. Nikisimama nafungua friji. Wenzangu wa darasa, mmoja yuko London, mmoja anauza viatu, mmoja amelazwa na mapenzi. Mimi nasoma nati.

Jumamosi, 16 Oktoba

Dukani na Baba. Duka la vitu vya karavani tu, sikujua maduka kama hayo yapo: pazia za karavani, vyoo vya karavani, sahani za karavani. Baba anajua Kiswidi, lakini mahali pa kununua hataki kujibiwa kama mtoto, basi anasema Kiswahili na mimi natafsiri. Sauti yangu haikutoka. Muuzaji aliniinamia akiuliza nini, nini? Baba: "Sema, Heshima! Meno unayo yote."

Muuzaji alikuwa mtu mwema. Alituonyesha mitungi mitatu.

Wa kwanza ni wa chuma. Ukiisha unaupeleka kituo cha mafuta, wanakupa mwingine uliojazwa. Imara, lakini mzito, Mama hawezi kuuinua.

Wa pili nimeupenda. Si chuma, ni kama plastiki ngumu, mwanga unapita. Unaona gesi ndani! Mstari wake unacheza ukiutikisa. Mwepesi. Nao unabadilishwa kituoni, au unapelekwa kujazwa.

Wa tatu haubadilishwi. Unafungwa kwa skrubu ndani ya sanduku na hautoki tena, mdomo wa kujazia unatokeza nje kama wa tangi la petroli. Unaenda kwenye pampu ya magari yanayotumia gesi, unajaza mwenyewe. Unajifunga kabla haujajaa kabisa, kwa sababu gesi inahitaji nafasi ya kutanuka. Una saa yenye sindano ya kuonyesha kilichobaki.

Baba aliushika huo wa tatu kama anavyoshika watoto wa watu kanisani.

Muuzaji mwenyewe alimwonya. Pampu hizo ni chache nchini hapa, na gesi ya magari mara nyingi ina butani kidogo ndani yake. Nilitafsiri yote, nikaongeza langu: "Baba, huu unaopitisha mwanga Mama anaweza kuubadilisha mwenyewe."

Baba akasema mtungi wa kubadilishana si mtungi. Unatoa wako mzuri, wanakupa wa nani? Umepita mikono gani? Kesho nao unautoa tena. Na kila mara umesimama mbele ya mtu ukingoja akupe. "Huu haumwombi mtu," alisema.

Nikasema lakini pampu, Baba. Akasema muuzaji afungue ule wa tatu.

  Njiani kurudi, karibu na nyumbani, Baba akasema: "Wako pia ulikuwa mzuri." Sijui kama alitaka nifurahi.

Jumapili, 17 Oktoba

Mama Truphosa alinikamata baada ya ibada, wakati wa kukunja viti. Ni Mkenya, wa kwao Bethuel, na Bethuel anamwita shangazi. Anaongea kama mtu anayepiga makofi.

"Wewe msichana, babako atakaa kwa hiyo gari mpaka lini?"

Nikasema sijui, Mama.

"Na unajua tulimtafuta?"

Sikujua! Anasema mwezi wa saba baba mkubwa wa Bethuel alimpigia Baba simu kutoka Kakamega, kumwambia tumeona ua kwenu. Baba alisikiliza mpaka mwisho wa salamu, kisha akasema mambo haya hayapigiwi simu, akakata. Kisha Mama Truphosa na mzee Solomon wa hapa kanisani wakataka kuja Bredäng kutengeneza mambo. Baba akawajibu kwamba mlango wake wa Bredäng wameshaufunga wao wenyewe kwa simu ile. Amekata hivyo, na Baba akikata hashoni tena.

"Si mahari anataka?" Mama Truphosa aliniuliza.

Nikasema hapana. Hilo nalijua. Nimemsikia akimwambia Mama: sitaki ng'ombe, nataka watu wakae kwangu, wale kwangu, waseme midomo yao ikiwa mbele yangu.

Nilisema hayo yote! Kwa Mama Truphosa! Uso umenichoma mpaka sasa.

Jumanne, 26 Oktoba

Nimepeleka maombi ya kazi nyumba ya wazee. Simu haijalia. Kila mtu ananiuliza nafanya nini sasa. Najibu: "Gesi."

Ijumaa, 29 Oktoba

Amezaliwa! Msichana! Asubuhi. Yaya mzima, mtoto mzima, Mama analia huku anafunga mabegi, unga wa uji, mafuta, khanga za kumfunga tumbo. Baba alikuwa amesimama sebuleni na ufunguo wa Volvo mkononi, haendi wala haketi.

"Msichana," alisema. "Haya."

Akashuka kuangalia matairi. Nilimtazama kutoka juu. Alizunguka karavani tena na tena akipiga kila gurudumu teke. Yalikuwa mazima yote.

Jumatano, 3 Novemba

Farsta. Naandika kwenye kitanda cha juu cha karavani, kichwa kinagusa dari.

Tuliingia uani jana. Baba alirudisha nyuma karavani mpaka mlango wake ukatazamana na mlango wa nyumba. Bethuel alikuwa ametoa baiskeli na pipa la taka kutupisha. Alisimama kwenye ngazi, kofia ya kazi mkononi. Alisema shikamoo. Baba akajibu marahaba kwa sauti ya mtu anayesoma bei. Basi.

Bethuel akamwambia yaya aniambie mimi nimwambie Baba kwamba kuna waya wa umeme, unafika mpaka nje. Baba akasema: umeme wa nani? Tukawasha gesi.

Nilipaka maji ya sabuni kwenye maungio yote kama nilivyosoma. Hakuna povu. Sindano imejaa. Moto ni wa bluu, mzuri. Mama akapika uji wa kwanza na karavani yote ikanuka nyumbani.

Kwao Bethuel mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe. Basi Mama akiingia kwa mlango wa mbele, Bethuel anatoka kwa mlango wa nyuma. Anasimama nyuma ya nyumba kwenye majani yaliyooza mpaka Mama amalize kuogesha. Nimemwona na taulo begani. Yaya anasema, nyumba yangu nayo sasa inahamahama kama karavani.

Mtoto ana nywele nyingi. Kidole changu kimoja ndiyo ngumi yake nzima.

Jumatatu, 8 Novemba

Baba anakuja kila jioni baada ya kazi. Anakula karavani, anauliza maswali akitazama sahani.

"Analia sana?"

Kidogo, nasema.

"Kwa sauti ya nani?"

Nikasema kama ya Mama. Akatafuna muda mrefu. "Basi majirani watateseka," akasema.

Hajamwona. Umbali ni hatua chache za majani yaliyolowa, na hajamwona. Mama alimwambia yaya amlete mtoto karavani kidogo, tupashe joto kwanza. Yaya alikataa. Hakupiga kelele. Alisema mtoto wangu hatembezwi kwenye bati ili mzee asione aibu. Mzee ana miguu, na mlango wangu hauna kufuli.

Nilirudisha jibu. Si lote. Nilisema yaya anaogopa baridi.

Baba akaangalia sindano ya gesi. "Ongeza joto," alisema. Nikaongeza. Tukakaa pale tukitokwa jasho, milango miwili inatazamana, na hakuna aliyekuja.

Jumapili, 14 Novemba

Gesi inakwenda haraka kuliko nilivyokadiria. Kila jioni Baba anaongeza joto, ati asije akaletwa mtoto ghafla akakuta baridi. Alhamisi alienda kujaza, pampu iko mbali kusini, alirudi amechelewa na hakula. Lakini alikuwa na furaha ya ajabu. Alijaza mwenyewe! Mpira aliushika mwenyewe! Hakumwambia mtu neno.

Kanisani Mama Truphosa tena. Aliniuliza siku hizi Baba anapokea wageni wapi. Nikasema Farsta, karavani.

"Kwa nyumba ya Bethuel?"

Hapana, nikasema, kwake. Karavani ni kwake. Yeye mwenyewe anasema popote itakaposimama.

Mama Truphosa alinitazama. Akamtazama mzee Solomon aliyekuwa anafungia maikrofoni kwenye sanduku. Halafu akanishika shavu kama mimi ndiye mtoto mchanga.

Nimefanya nini?

Jumatano, 24 Novemba

Theluji imeanguka na imebaki.

Mama Truphosa amenipigia mimi. Si Mama, si Baba, mimi! "Mwambie babako, mimi na mzee Solomon tutapita kumjulia hali Jumamosi. Kwake." Alisema neno kwake kwa uzito.

Nilizunguka na ujumbe huo mchana kutwa. Nilikwenda mpaka kituo cha treni nikarudi. Jioni Baba akala. Nikangoja amalize. Nikangoja anawe. Nikasema.

Mama aliacha kukwangua sufuria.

"Wanakuja kwa nani?" Baba aliuliza.

"Kwako. Hapa."

"Kwa miguu yao?"

"Ndiyo, Baba."

Akafuta ukungu dirishani kwa mkono akatazama nyumba ile nyingine. Nilisikia kipasha joto kikipumua. Kisha akasema: "Watu wakija kwangu, watakula." Akamwambia Mama atafute mbuzi Skärholmen, na sombe, yale majani ya muhogo, na unga wa bugali, na asiweke pilipili nyingi, Wakenya hawaiwezi.

Mama amenikanyaga mguu chini ya meza. Hata sasa unauma. Nimefurahi sana!

Ijumaa, 26 Novemba

Nilimwambia Baba: gesi ni kidogo, na baridi hii, nunua hata mtungi mmoja wa kubadilisha, uwe wa akiba. Nilisema kwa sauti inayosikika. Alisema sindano iko robo, robo ni nyingi. Lakini alienda kujaza hata hivyo. Pampu imefungiwa kamba, imeharibika. Amerudi na robo yake.

Ni zaidi ya nyuzi kumi chini ya sifuri. Ndani ya glavu vidole ni kama si vyangu.

Jumamosi, 27 Novemba

Naandika jikoni kwa yaya, juu ya mashine ya kufulia. Lazima niandike ama nitapasuka.

Mchana ulianza vizuri. Mbuzi jikoni, sombe pembeni. Baba amevaa suti yake ya kwendea harusi za watu. Alifagia theluji njia yote kutoka barabarani mpaka mlango wa karavani. Njia ya kwenda kwenye nyumba hakuifagia, Bethuel alikuwa ameifagia yake mwenyewe asubuhi, kwa hiyo uani kuna njia mbili zinazokaribiana bila kugusana.

Halafu moto ukawa wa njano. Ukawa mdogo. Ukazima.

Sindano bado kwenye robo! Baba aliipiga kwa kucha. Akawasha tena. Hakuna. Nikajua. Propani imetangulia kutoka, iliyobaki chini ni butani ya pampu ile, imelala. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho hajawahi kufanya kuhusu gesi.

Tonton Papy alitumwa kutafuta mtungi wa kubadilisha, wowote. Kabla hajarudi gari lao likaingia. Mama Truphosa na kitenge juu ya koti, mzee Solomon na fimbo na kofia ya manyoya. Walipita kwenye njia ya Baba, wakabisha hodi kwenye bati. Hodi! Baba akafungua, akasema karibuni kwangu. 

Wakakaa wamebanana kwenye benchi, makoti mwilini. Pumzi zao zilionekana. Mzee Solomon akasema mahali pazuri hapa. Mama Truphosa akasema pana hewa. Walituonea huruma kwa adabu.

Tonton akarudi. Watu wote wa Farsta wameona baridi, vituo vimeishiwa mitungi. Lakini alikuwa na mfuko wa makaa na lile jiko lake la nyama choma la kiangazi. "Tunawasha hapa ndani," alisema, "karibu na mlango, linapasha joto na linaivisha. Nyumbani tulikuwa tunalala nalo."

Baba akasema weka hapo.

Nami nikasema hapana.

Sikujua ni mimi. Nilisema hapana, Baba. Nyumbani kulikuwa na mapengo juu ya ukuta, hapa ni sanduku. Makaa yanatoa hewa usiyoinusa, mtu anasinzia tu. Nilisema mbele ya wageni, mbele ya tonton, na sikuangalia chini. Tonton akasema, he, gesi imempa mdomo huyu. Mzee Solomon akasema mtoto ana akili, acha. Baba akafungua mlango.

Tukatoka nje, Baba, Mama na mimi, na sufuria la mbuzi nusu mbichi mkononi mwa Mama.

Mama akamwambia kwa sauti ya chini: jiko lipo pale. Akaonyesha kwa kidevu.

Baba akasema: "Madeleine. Watu wamekuja kumwombea huyo mtu. Niwalishe kwa moto wake? Nikishakula kwake, wananiomba nini tena?"

"Wanapata baridi," Mama alisema.

"Najua wanapata baridi."

"Basi warudi na njaa? Waseme Norbert aliwaita kwake hakuwapa hata chai?"

Baba alitazama sufuria. Alitazama njia zile mbili. Akalichukua sufuria kwa Mama, akanipa mimi, likanilowesha mchuzi kifuani.

"Si umesema hapana?" aliniambia. "Basi peleka."

Nikasema wapi, Baba?

"Peleka!"

Nikavuka.

Sasa liko juu ya jiko la yaya, linachemka, nimeshika mwiko. Mama alifuata na unga. Bethuel alipomwona akapita mlango wa nyuma na soksi tu, nikamrushia viatu dirishani. Yuko huko anaruka-ruka kwenye theluji na shati jeupe la kupokelea wageni. Yaya amekaa kwenye dirisha la mbele, mtoto begani.  Nilimuuliza kama amekasirika. Akasema koroga, chini kunaungua.

Mama ameondoka na chai kwenda karavani. Kwa hiyo Baba sasa anajua chai imechemshiwa wapi. Wanakunywa? Siwezi kuona, vioo vya karavani vina barafu.

Mlango wa karavani umefunguka.

Ni Baba, bila koti. Anasimama kwenye theluji, anafunga mlango nyuma yake vizuri, kama mtu anayetoka kwake. Hajafuata njia yoyote, amekata katikati, theluji inaingia viatuni. Yaya amemwona. Amemhamishia mtoto bega la pili, uso wa mtoto umetazama dirisha.

Amefika chini ya ngazi. Mguu mmoja umepanda, wa pili bado.

"Heshima!" Anaita kwa sauti ya kusikika mtaa wote. "Umetia chumvi?"

Hajawahi kuuliza habari za chumvi maisha yake yote. Nikijibu nimetia, atageuka. Nikimwambia aje aonje, atavuka kizingiti—

Anauliza tena.